Kadi ya sauti ya kurekodia gitaa nyumbani, nina Sh12,000: nichukue ipi?

NyuziSita (Maweni, Malindi)

Assalaam aleikum wana jukwaa. Naomba msaada wa mtu aliyewahi kurekodi gitaa nyumbani kwa mkono wake mwenyewe, si aliyesoma maandishi ya kwenye boksi.

Mimi ni mpiga gitaa. Ijumaa na Jumamosi usiku napiga kwenye hoteli moja ya ufuoni, mimi na mwenzangu wa ngoma. Nina vipande kumi na kimoja nilivyotunga mwenyewe na kwa miaka minne vimekaa kwenye simu tu, nimevirekodi kitandani, feni inasikika, tuktuk inasikika, gitaa liko mbali huko nyuma. Mwaka huu nimeamua kuvirekodi sawasawa kabla sijavisahau. Viwili tayari nimeanza kupoteza sehemu zake za katikati.

Nina gitaa la umeme la pikapu tatu, zile za koili moja moja, na gitaa kavu lenye pikapu ndani na betri ya volti 9. Laptopu ni ya Windows 10, RAM 8. Hedifoni ninayo nzuri. Spika sina.

Mwezi uliopita nilinunua kale kadude ka USB kenye matundu mawili madogo, moja la maiki na moja la hedifoni, Sh850, na adapta ya kupunguza jeki kubwa ya gitaa. Nilipochomeka gitaa likalia kama limefunikwa blanketi. Nyuzi nyembamba hazing'ari kabisa. Halafu nikipiga noti naisikia baadaye, yaani kidole kimeshaondoka ndiyo sauti inafika. Na chini yake kuna mngurumo usiokoma. Nilirudi kwa muuzaji akaniambia gitaa ni bovu. Nikakaa wiki nzima nabadilisha nyuzi, nikafungua pikapu, nikachomelea waya upya, na wakati huohuo gitaa hilohilo Ijumaa linachomekwa kwenye ampu ya hotelini na linalia vizuri kabisa.

Sasa nina Sh12,000. Nikingoja mwisho wa mwezi naweza kufika 15,000. Naona majina mengi ya kadi: UM2, UMC22, UMC202HD, M-Track Solo, Scarlett Solo. Nyingine zimeandikwa 48, nyingine 192. Hiyo 192 ndiyo ninayopaswa kuilipia? Nichukue ipi?

KordiZaPwani (Mombasa)

Scarlett Solo ya mkono wa pili, kaka. Ninayo toka 2020 na kila siku naitumia. Hutajuta.

BoritiNaNyuzi (Langoni, Lamu)

Waaleikum salaam mdogo wangu. Gitaa lako halina ubovu wowote, na waya ule uliochomelea upya ulikuwa mzima. Nakujibu kwa urefu kwa sababu wiki yako hiyo moja mimi nimeikaa miezi, na hakuna aliyekuwa karibu wa kuniambia.

Mchana nachonga milango, usiku napiga gitaa. Narekodi nyumbani tangu 2017, katika chumba cha juu, na kadi zilizopita mkononi mwangu ni tatu. Ya kwanza ilikuwa ndugu ya hiyo ya kwako.

Tuanze na blanketi, maana hapo ndipo pesa yako ilipopotelea. Pikapu ya gitaa ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu. Umeme unaotoka pale ni kidogo na ni dhaifu. Unataka kuingia kwenye tundu lenye ukinzani mkubwa sana, la omu kama milioni 1, ili tundu lisikilize bila kunyonya. Tundu la maiki la kadude chako limetengenezwa kwa ajili ya maiki ndogo za kompyuta, na ukinzani wake ni wa omu elfu chache tu. Ukichomeka gitaa pale, tundu linanyonya, na sauti za juu ndizo zinazokufa kwanza. Ndiyo maana uzi wa kwanza na wa pili umezima, na uzi mnene bado unajikaza. Ampu ya hotelini ina tundu lililokusudiwa gitaa, kwa hiyo pale gitaa linapata haki yake.

Basi kitu cha kwanza unachonunua ni tundu la gitaa. Kwenye kadi utaliona limeandikwa INST, au Hi-Z, au limechorwa kigitaa. Kadi nyingine zina tundu moja linalofanya kazi mbili na kuna kitufe cha kuchagua. Usisahau kukibonyeza! Mimi kadi yangu ya pili nilikaa nayo wiki mbili kitufe hakijabonyezwa, nikiamini nimedanganywa tena. Siku nilipokigundua ilikuwa baada ya Isha, nimekaa kwenye mkeka, hedifoni masikioni. Nilikuwa napiga uzi wa kwanza, noti moja ile ile, huku nasoma karatasi iliyokuja na boksi. Nikabonyeza. Nilichosikia si sauti kubwa zaidi. Nilisikia ukucha ukigusa uzi, halafu ndiyo noti. Miaka yote ninayopiga sikuwahi kuusikia ukucha wangu kwenye rekodi. Nilirudia noti hiyo mpaka mke wangu akauliza kuna nini.

Kitu cha pili ni kuchelewa, na hapo hesabu ni nyepesi, ifuate. Kompyuta haichukui sauti tone kwa tone. Inajaza ndoo kwanza, ndiyo inamimina. Ndoo hiyo inaitwa bafa. Kadi ikichukua sampuli, yaani vipimo vya sauti, 48,000 kwa sekunde na bafa ikiwa ya 512, ndoo moja inajaa kwa karibu milisekunde 11. Sauti inangoja ndoo ikiingia, inangoja ndoo nyingine ikitoka, ni milisekunde 21, na kadi yenyewe inaongeza kidogo yake. Sauti hewani inakwenda karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 21 ni kama ampu yako imewekwa mita saba kutoka ulipokaa. Mpigaji anaisikia hiyo, vidole vinaanza kuburuta. Bafa ukiishusha mpaka 128, ndoo moja ni chini ya milisekunde 3, na hapo gitaa linarudi mapajani mwako.

Lakini bafa haishuki kwa kutaka kwako. Inashuka kama kadi ina draiva nzuri, yaani programu inayoiunganisha na kompyuta. Kwenye Windows njia ya mkato inaitwa ASIO, imebuniwa na Steinberg wa Ujerumani, na kazi yake ni kuiruka mikono mingi ya ndani ya Windows ili programu izungumze na kadi moja kwa moja. UMC202HD ina draiva yake ya ASIO. Scarlett zote zina yake. UM2 na UMC22 hutumiwa pamoja na ASIO4ALL, programu ya bure inayovaa sura ya ASIO juu ya draiva za kawaida za Windows. Inafanya kazi, na watu wengi wamerekodi nayo nyimbo nzuri, ila kushuka chini kunategemea sana laptopu uliyo nayo. Ungekuwa na Mac au unatumia Linux hili lisingekuwa na uzito, kule kadi nyingi huchomekwa tu zikatambuliwa.

Kuna watu watakwambia tumia kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja, ambapo kadi inakurudishia gitaa kwenye hedifoni kabla halijapita kwenye kompyuta. Ni kweli, hapo hakuna kuchelewa. Kwa gitaa kavu kinatosha kabisa. Lakini gitaa la umeme ukilisikia hivyo unalisikia kavu, jembamba, halina ampu. Wewe utataka kupiga huku unasikia ampu ya ndani ya kompyuta, yaani programu inayoiga ampu, na ile iko upande wa pili wa ndoo. Kwa hiyo draiva, mdogo wangu, draiva.

Sasa hiyo 192, yaani sampuli 192,000 kwa sekunde. Usiilipie. Spika ya gitaa ya inchi 12 sauti yake inaporomoka ikishapita hezi 5,000 au 6,000. Sikio la kijana mzima linafika 20,000. Ukirekodi kwa 44,100 unapata kila kitu mpaka 22,050. Kadi ikiwa na 192 si kosa, lakini wewe iweke kwenye 44,100 au 48,000. Mstari mmoja wa gitaa, yaani rekodi ya tundu moja, kwa 48,000 na biti 24 unakula karibu megabaiti 8.6 kwa dakika. Kwa 192,000 unakula mara nne, zaidi ya 34, na utakachosikia ni kilekile. Diski yako itajaa bure na laptopu itahema bure.

Biti 24, yaani undani wa kila sampuli, ndiyo yenye faida. Inakupa nafasi kubwa chini, kiasi kwamba hulazimiki kupandisha sauti mpaka ukingoni. Weka vilele vya gitaa kwenye desibeli -12 hivi. Nyekundu ikiwaka wakati wa kurekodi, sehemu ile imekatika na hakuna programu itakayoirudisha ilivyokuwa. UM2, UMC22 na M-Track Solo ni za biti 16. Zinatosha kurekodi, ila pale inabidi uwe mwangalifu zaidi na kisu chako, yaani kile kitufe cha kuzungusha cha sauti, usipunguze mno wala usizidishe.

Kitufe cha 48V kiache. Hicho ni cha maiki za kondensa, zile zinazolishwa umeme na kadi, gitaa halikihitaji.

Umeme sasa. Huu mngurumo unaousikia usiharakishe kuulaumu uchomeleaji wako. Nenda sasa hivi, chomoa chaja ya laptopu, iache kwenye betri, usikilize. Umeme wetu ni wa hezi 50, na chaja nyingi zinaingiza uchafu wake kupitia waya wa USB mpaka kwenye gitaa. Halafu, bila kusogeza kitu, geuka na gitaa taratibu kama unayetafuta kibla. Pikapu ya koili moja ni antena. Ikitazama skrini, taa ya mirija au feni, inanguruma, ukigeuka robo inanyamaza. Mimi chumbani kwangu nimeweka alama kwenye mkeka pale ninapokaa. Tatu, gusa nyuzi kwa kiganja: mngurumo ukipungua, gitaa lako liko kawaida, nyuzi zimeunganishwa na ardhi ya gitaa na mwili wako unasaidia kuukinga. Na nakuomba sana, utamsikia mtu akisema kata ile pini ya juu ya plagi ili mngurumo uishe. Usiikate. Ile pini ni ya ardhi, ndiyo inayokulinda wewe. Unashika nyuzi za chuma kwa mkono na midomo iko kwenye maiki, itilafu ikitokea umeme utapita kwako.

La mwisho ni chumvi, kwa sababu wewe uko Malindi na mimi niko Lamu na hawa wanaoandika maelezo ya kwenye boksi hawaijui. Kaskazi au kusi, hewa ya bahari inaingia. Kadi yangu ya pili haikufa kwa umeme, ilikufa kwa kutu ya kijani ndani ya tundu la gitaa. Ilianza kwa kukwaruza kila nikisogeza jeki, halafu sauti ikawa inakuja na kuondoka. Sasa kadi yangu inalala ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu. Jeki nazipangusa kwa kitambaa kikavu kabla ya kuchomeka, na mara moja kila miezi miwili mitatu napuliza kidogo ile dawa ya mafundi wa redio ya kusafishia mguso. Hii ya sasa ina miaka mitano na haijakwaruza.

Kwa pesa yako: tafuta UMC202HD au Scarlett Solo, mkono wa pili, mzima. Ukikosa na huwezi kungoja, UMC22 mpya. Bei uliza mwenyewe, hazikai mahali pamoja. Beba laptopu yako na gitaa lako mpaka dukani, weka draiva kabla ya kwenda, chomeka, zungusha kila kisu ukisikiliza mikwaruzo, tikisa waya wa USB taratibu. Muuzaji asiyekubali hilo, muage kwa heri.

SautiYaKisumuNdogo (Malindi)

Kaka NyuziSita, huyo mzee wa Lamu amesema kweli tupu lakini amelisahau gitaa lako kavu, na mimi kazi yangu yote ni gitaa kavu. Narekodi waimbaji wa kanisani kwetu.

Pikapu ya ndani ya gitaa kavu ukiichomeka kwenye kadi inatoka, betri ikiwa nzima haina tatizo. Lakini inatoka na sauti fulani ya plastiki, kali kwenye kila kiguso cha uzi, na mbao haisikiki. Gitaa kavu linataka maiki. Iweke kama shibiri mbili kutoka gitaa, ielekeze pale shingo inapokutana na mwili. Ukiielekeza kwenye lile tundu la mbao la gitaa lenyewe sauti nzito inavimba. Mimi nachukua vyote viwili kwa pamoja, maiki tundu la kwanza na pikapu tundu la pili, kisha nasikiliza nichanganye vipi. Mara nyingi maiki inachukua sehemu kubwa na pikapu naiweka chini kabisa, kwa ajili ya uimara tu.

Kwa hiyo kwako wewe jambo la kuangalia ni matundu mawili yanayorekodi kwa wakati mmoja, kila moja kwenye mstari wake. Kadi zote tano ulizotaja zinaweza kuchukua maiki na gitaa pamoja, ila 202HD matundu yote mawili ni ya maiki au gitaa, unachagua. Siku mwenzako wa ngoma akija na maiki yake hutakwama.

Maiki, usinunue sasa. Azima. Makanisa na vikundi vya taarab vina maiki za kuimbia, zile za kawaida zisizohitaji 48V, na kwa gitaa zinatosha kuanzia.

Nami nina swali kwa mzee wa Lamu: chumbani kwako hupati mwangwi? Nilirekodi mara moja kwenye nyumba ya mawe ya zamani na sauti ilirudi kama kisima.

BoritiNaNyuzi (Langoni, Lamu)

Dada, ahsante, umenirekebisha na umenirekebisha vizuri. Gitaa kavu mimi silirekodi mara nyingi.

Mwangwi nilikuwa nao, tena mkali. Nyumba zetu hizi za mawe ya matumbawe vyumba ni vyembamba na virefu, kwa sababu upana wa chumba unafuata urefu wa boriti ya mkoko iliyoshika dari, na boriti haizidi sana mita tatu. Juu dari iko mbali, kuta zimepakwa chokaa laini. Ukipiga makofi kati ya kuta mbili zinazotazamana unasikia makofi yanakimbizana. Nilichofanya ni kutundika majamvi mawili na blanketi zito ukuta mmoja, na kuweka godoro limesimama nyuma yangu. Si nyuma ya maiki tu, nyuma ya mpigaji, maana maiki inamtazama yeye na ukuta ulio nyuma yake.

Unene wa kuta nao ni neema. Kelele za barabarani hazipenyi ukutani, zinaingia dirishani. Kwetu gari hakuna, lakini punda wapo na mashine za mashua zipo. Maiki ikiwa wazi punda mmoja akilia chini ya dirisha kipande kizima kimeharibika. Kwa gitaa la umeme lililochomekwa moja kwa moja, punda na alie, waya haumsikii. Adhana ikianza mimi naweka gitaa chini, kisha naendelea baada ya swala. Muda wangu mzuri ni kuanzia saa nne usiku.

NyuziSita (Maweni, Malindi)

Shukran sana, wote. Mzee, nimechomoa chaja. Mngurumo umekatika kama bomba lililofungwa! Ukabaki ule mdogo, nikageuka na gitaa kama ulivyosema, na nilipotazama upande wa mlango ukapotea karibu wote. Nyuma yangu kulikuwa na taa ya mirija. Wiki nzima nilikuwa nimeikalia karibu.

Dada, maiki nitaazima. Kule hotelini tunayo moja na meneja amekubali niichukue Jumapili hadi Alhamisi.

Swali langu lililobaki ni programu. Ampu ya ndani ya kompyuta naipata wapi bila kulipia tena? Pesa yote itakwenda kwenye kadi.

KordiZaPwani (Mombasa)

REAPER, programu ya kurekodia. Unaijaribu siku 60 bila kufungwa kitu chochote, na ukiipenda leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Ni nyepesi, RAM 8 inatosha na inabaki.

Ampu chukua Neural Amp Modeler, ni ya bure kabisa. Inachofanya ni kusoma faili linaloiga sauti ya ampu halisi, na watu wanagawiana hayo mafaili bure mtandaoni. Ila tahadhari moja: faili la ampu tupu bila spika linalia kama nyuki kwenye kopo. Lazima baada yake uweke faili la kabati la spika, wanaliita IR, nalo ni la bure. Watu wengi wanakata tamaa hapo kwa kudhani programu ni mbaya.

Na urekodi gitaa likiwa safi, ampu ikae juu yake kama nguo. Ukirekodi hivyo, mwakani ukibadili mawazo unabadilisha ampu, mkono wako unabaki uleule.

MtwanaWaGitaa (Watamu)

Samahani kuingilia. Mimi sina laptopu, nina simu ya Android tu. Kadi hizi zinachomekeka?

BoritiNaNyuzi (Langoni, Lamu)

Karibu, mwanangu. Zinachomekeka nyingi, kwa waya wa OTG, ule wa kuunganisha vifaa vya USB kwenye simu, kama simu yako inaukubali. Kurekodi utarekodi, na utasikia tofauti kubwa na maiki ya simu. Tatizo ni mawili: simu inalisha kadi kutoka betri yake yenyewe, inaisha haraka au haitoshi, na kuchelewa kwenye Android kunatofautiana sana simu kwa simu. Jisikilize moja kwa moja kutoka kwenye kadi, usipitie kwenye simu. Kabla ya kununua, azima kadi ya mtu ujaribu na simu yako hiyohiyo.

NyuziSita (Maweni, Malindi)

Narudi na habari, maana najua mtu mwingine atakuja na swali hili.

Nilingoja mwisho wa mwezi. Nimepanda matatu ya alfajiri mpaka Mombasa na gitaa mgongoni, laptopu kifuani, draiva nimeshaiweka tangu nyumbani. Nimepata UMC202HD ya mkono wa pili, Sh11,500. Duka la kwanza hawakutaka nichomeke, nikaaga. La pili kijana mwenyewe alinipa kiti. Nilizungusha visu vyote. Kisu cha hedifoni kilikwaruza kidogo mwanzoni, nilipokizungusha mara kumi kikatulia, nikapunguziwa 500 kwa hilo. Tundu zote mbili safi, nilimulika kwa tochi ya simu ndani kutafuta ile kijani, haikuwepo.

Nyumbani nilianza na kitufe cha INST kikiwa kimezimwa, kwa makusudi, nikapiga uzi wa kwanza. Halafu nikabonyeza. Mzee, nimeusikia ukucha.

Bafa imeshuka mpaka 128 na haikatikikatiki. Nilijaribu 64, ikaanza kupasuka nikiweka ampu mbili, nikarudi 128. Kwa hedifoni, na chaja imechomolewa, na taa ya mirija imezimwa, naliona gitaa liko mapajani kweli.

Maiki ya hotelini ilikuja Jumapili. Gitaa kavu nimeliweka kama dada alivyosema, shibiri mbili, pale shingo inapokutana na mwili, magodoro mawili nyuma yangu. Pikapu nimeishusha mpaka haisikiki peke yake, lakini nikiizima naona kitu kimeondoka.

Kadi imelala kwenye kopo la plastiki lililokuwa la biskuti, na vipakiti vinne.

Kile kipande nilichokuwa nimepoteza katikati yake, nilipokuwa nakipiga kwa mara ya tatu vidole vilikwenda vyenyewe mahali ambapo nilikuwa sikumbuki. Nilikuwa narekodi. Dakika tatu na sekunde arobaini, gitaa la umeme mstari mmoja na kavu mistari miwili. Nimekimaliza jana saa sita usiku. Leo naanza cha pili.